Sauti Iliyochelewa Kuingia

Sauti ile ni yangu. Nimeikana kwa zaidi ya miaka ishirini: mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mume wangu, na mara moja, wasomaji wa siku nyingi mtakumbuka, papa hapa kwenye safu hii, nilipoulizwa kwa barua nikajibu kwa kejeli kwamba siku hiyo nilikuwa nikisahihisha insha. Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa zamani alinitumia ujumbe kutoka Garsen, kando ya mto Tana: yule fundi wa redio ametutoka, anazikwa Jumamosi. Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni, nikausoma tena nikiwa nimeketi, kisha nikamwomba mwenzangu aifikishie familia salamu zangu za pole pamoja na nambari yangu ya simu. Chai ilipoa mezani. Nikajikuta nimerudi kwenye maji.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ambayo niliamini Garsen nzima ingesimama kuipokea. Nilipewa nyumba ya walimu iliyoshikana ukuta na ghala la zamani la pamba, na ndani ya ghala hilo fundi alikuwa na karakana yake. Alikuwa Mpokomo, mtoto wa wakulima wa mpunga na ndizi, mtu wa maneno machache na vidole virefu vilivyonuka risasi ya kuchomea nyaya. Kisa cha kwanza nilichosimuliwa kumhusu ni hiki. Mhandisi mmoja wa barabara aliacha kwake redio iliyoharibika pamoja na sanduku la kanda, akaenda zake asirudi. Fundi aliitengeneza redio ile kwa siku mbili, ila kanda hakuzigusa. Aliziweka juu ya rafu, akazipangusa vumbi kila Jumatatu, akasubiri mwaka mzima. "Ni mali ya mtu," alisema. Mwaka ulipotimia ndipo alipoweka ya kwanza, na magitaa yanayonguruma kama trekta lililokwama matopeni yakamjaa kichwani, yasitoke tena. Kanda ziliita muziki ule metali. Naye akaupenda kama wengine wanavyopenda dini au mpira.

Akaunda bendi ya watu watatu. Yeye alipiga gitaa alilolitengeneza mwenyewe. Mwimbaji alikuwa kijana wa kijiji cha Ndera aliyezoea kuimba kwenye kwaya. Mpiga ngoma alikuwa Muorma, mchungaji aliyekuja mjini kuuza ng'ombe, akasikia kelele, akaingia kuuliza ni nani anayechinjwa. Ngoma zake zilikuwa mapipa ya mafuta aliyoyawamba ngozi, na ngozi nyingine alizileta kutoka kwao zitundikwe ukutani ili zimeze mwangwi. Zilimeza mwangwi, zikatema harufu. Chuo kikuu kilinifundisha mengi, lakini si namna ya kuandaa masomo ya kesho huku upande wa pili wa ukuta ngozi thelathini zikioza kwa mahadhi. Nilizoea kugonga ukuta kwa mchi. Siku moja fundi akaja mlangoni, kofia mkononi. Nikadhani amekuja kuomba radhi. "Mwalimu," akasema, "ule mdundo wako wa jana ulikuwa mzuri. Usibadilishe."

Kurekodi kwenyewe kulikuwa kazi ya subira. Fundi alikuwa ameazima kutoka kwa kwaya moja ya Malindi mashine iliyoweza kupokea sauti nne kwa zamu na kuzilaza pamoja kwenye kanda moja. Lakini ng'ambo ya ua kulikuwa na kinu cha posho, na kinu kikisaga, kila kitu kilichorekodiwa kilikuwa unga. Mwenye kinu alikuwa Mwislamu na mwendeshaji wake Mkristo, kwa hiyo kilinyamaza mara mbili tu kwa wiki: Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi. Siku nyingine walifanya mazoezi kelele kwa kelele, wakanywa chai, wakachaji betri za lori, wakasubiri. Jumapili, fundi na mwimbaji wakiwa kanisani, mpiga ngoma alijifungia peke yake, akabonyeza kitufe chekundu alichoonyeshwa, akapiga mapipa huku akiusikia wimbo mzima kichwani. Ijumaa, yeye akiwa msikitini, wenzake walilaza gitaa na sauti juu ya ngoma zake. Mwimbaji aliimba akiwa ndani ya chandarua, mbu wasiingie kwenye kanda. Hawakurekodi hata mara moja wakiwa wote watatu chumbani. Na zilipochezwa pamoja, sauti hizo zilikaa kama watu wa nyumba moja.

"Nyinyi watu wa migomba mna haraka," mpiga ngoma aliwatania.

"Na wewe wa maziwa ukipiga polepole zaidi, yataganda," fundi akamjibu.

Kisha mto ukaacha njia yake. Mafuriko ya mwaka ule sina haja ya kuwaeleza. Kila aliyekuwa Tana anayo yake. Ninachokumbuka mimi ni utulivu. Maji yalikuja bila kishindo, yakalala juu ya mashamba kama shuka, na mji wetu ukabaki kisiwa cha mabati kinachoelea katikati ya mawingu ya juu na mawingu ya chini. Shule ilifungwa. Vyura waliimba mchana. Mitumbwi ilipita palipokuwa barabara, na waliokuwemo walinipungia mkono taratibu, kama watu wanaopita ndotoni mwangu wakielekea ndoto ya mtu mwingine. Barua yangu ya kuomba uhamisho ilikuwa imelowa mfukoni mwa tarishi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilihisi kwamba nimesahauliwa.

Mwimbaji alikuwa amekwenda Ndera kumtazama mama yake, maji yakamfungia huko. Ulibaki wimbo mmoja, wimbo wa mto uliopotea njia, na ndani yake neno moja la kupayuka: rudi. Lori la kwanza baada ya majuma mengi lingeondoka ng'ambo ya maji Jumamosi, na mashine ilipaswa kuwa ndani yake, kwa maana kwaya ilishaidai mara tatu. Ijumaa adhuhuri kinu kikanyamaza. Fundi akagonga ukuta, taratibu, kwa kidole.

"Mwalimu, hasira unazo," alisema nilipofungua. "Za bure. Nipe dakika nne."

Sijui kwa nini niliingia. Niliingia chandaruani na kanga yangu na shahada yangu, nikavaa vile visikilizio vya masikioni, ngoma za Jumapili zikaanza kunijia kutoka mbali. Fundi akainua mkono. Nikakosa pa kuingilia, nikashtuka, nikaingia nimechelewa, na neno likatoka. Halikutoka kooni. Lilitoka mahali ambapo sikujua ninapo. Nilipomaliza hata vyura walikuwa kimya.

"Nirudie?" nikauliza. "Nimechelewa."

"Acha hivyo," akasema. Macho yake yalikuwa na maji. "Hivyo hivyo."

Nikamwapisha asimwambie yeyote. Shule yetu ilikuwa ya kanisa, nami nilikuwa mlezi wa chama cha adabu cha wasichana. Akakubali. Mpiga ngoma aliporudi kutoka msikitini na kusikia kanda, alishika kiuno. "Huyu ni nani? Anachelewa! Ng'ombe wote wameshavuka, yeye bado anatafuta kiatu." Fundi akaanza kuifunga mashine tayari kwa lori.

Hapo ndipo sehemu isiyo ya kuchekesha inapoanza. Fundi alipeleka kanda kwenye kituo kimoja cha redio huko Mombasa. Mtangazaji akasikiliza, akamwambia sauti kama ile haiwezi kutoka Garsen, ameinakili kwenye kanda ya Wazungu. Habari zikafika nyumbani kabla yake. Wakaanza kumwita mwizi wa sauti, na kwa fundi wa redio jina hilo ni sumu: aibaye sauti ataachaje kuiba spika? Watu wakaanza kuzifungua redio zao mlangoni pake kukagua alichobadilisha. Mtu aliyesubiri mwaka mzima kabla ya kusikiliza kanda ya mtu! Wakati huo uhamisho wangu ulikuwa umekubaliwa, nami nafundisha shule nyingine, mbali na Garsen. Alinipigia simu shuleni, mara moja tu. "Mwalimu," akasema, "unaonaje?" Ofisini alikuwamo mwalimu mkuu. Nikajibu, "Mimi sikuwepo." Akasema, "Haya. Hukuwepo." Hakuniuliza tena mpaka akafa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ya lami, isiyo na hata tuta moja. Mwanzoni niliogopa kupoteza kazi. Baadaye hapakuwa na cha kuogopa, ila nilikuwa nimeshanyamaza muda mrefu kiasi kwamba aibu ya kunyamaza iliichukua nafasi ya aibu ya kupayuka. Siku hizi kila kijana ana studio mfukoni na hamsubiri mtu wa kinu. Siwaonei wivu. Lakini nafikiri juu ya kazi ile ya kulaza sauti kwa zamu, huyu siku ya ibada ya yule, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi asiyoiona na kuamini kwamba itajazwa. Hivyo ndivyo watu wa mto ule walivyoishi katika miaka yao mizuri. Fundi aliniachia nafasi. Na nimejifunza nikiwa mtu mzima, kwa gharama ya mtu mwingine, kwamba anayekutunzia siri anabeba mzigo wako, na usipomtua mapema, utaupokea kwa warithi wake.

Ijumaa alasiri simu iliita. Ilikuwa nambari nisiyoijua.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni binti wa fundi." Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu na viti vinavyoburutwa. "Baba aliomba kanda yake ipigwe kesho kabla hajateremshwa. Wazee wanakataa. Wanasema ni ya wizi, itamwaibisha kaburini. Nyuma ya kanda ameandika majina ya wote, halafu ameandika 'sauti ya mwisho', akaacha wazi. Ulikuwa jirani. Unamjua?"

Mdomo wangu, kwa mazoea, ulishaanza kusema sikuwepo.

"Ni mimi," nikasema.

"Mwalimu, asante, lakini usinifariji."

Nikamwambia aweke simu mahali ambapo wote watasikia, na aipige kanda kutoka mwanzo. Nikasogeza kikombe. Nikavua miwani. Ngoma za Jumapili zikaja kutoka mbali, nikahesabu, nikakosa pa kuingilia, nikashtuka, na mwanamke wa miaka hamsini na kitu akapayuka sebuleni mwake neno moja mpaka bawabu akaja mbio kugonga mlango.

Upande wa pili kilisikika kikohozi, kisha sauti ya mzee aliyetoka msikitini muda si mrefu, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu maji yale.

"Kanda itapigwa," akawaambia wenzake. "Ni huyu. Ng'ombe wote wameshavuka, yeye bado anatafuta kiatu."