Mke wa Kaka Yangu Ambaye Hakuzaliwa

Kwa mama yetu tulibaki wawili, wote wasichana. Dada alinipita kwa miaka mingi, na kati yetu kulikuwa na watoto watatu waliokufa wachanga, nao pia wasichana. Baba alikufa nikiwa mdogo sana hata ninachokumbuka ni kikohozi chake tu. Tuliishi kwenye mteremko juu ya Birongo, nyumba mbili za nyasi, ghala moja la nafaka ya wimbi na migomba nyuma yake. Asubuhi ukungu ulikaa chini yetu bondeni, na mpaka ulipoondoka ilikuwa kama hakuna watu wengine duniani.

Lakini watu walikuwepo. Ng'ambo ya ua aliishi baba mdogo, ndugu aliyemfuata baba. Mchana mmoja ng'ombe wake waliingia katika wimbi letu, likiwa limeanza kutoa masuke. Mama alitoka mbio na fimbo, akamkuta baba mdogo amesimama pale pale akiwatazama wanavyokula.

"Shemeji, ng'ombe wako wanamaliza chakula cha watoto," mama alisema.

"Shamba hili ni la nani?"

"Ni la ndugu yako."

"Ndugu yangu amekufa. Nionyeshe mwanawe, nitazungumza naye."

Nyumba isiyo na mtoto wa kiume ilihesabiwa kuwa imezimika. Binti angeolewa kwingine, mjane angezeeka, na ardhi ingerudi kwa ndugu wa marehemu. Sote tulilijua hilo, hata mimi, ingawa hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanieleza. Mama aliwafukuza ng'ombe peke yake, huku baba mdogo akimwangalia.

Dada alikuwa ameolewa mwaka ule kule Nyamarambe, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa bado zizini kwetu. Baba mdogo aliwataka ili aoe mke wa pili. Mama akamtangulia. Aliwaita wazee wa ukoo, akawapikia, akangoja mpaka wamekwisha kula.

"Kwa ng'ombe hawa nitamtafutia mwanangu mke," aliwaambia.

"Mwana yupi?" mzee mmoja aliuliza.

"Yule ambaye sikumzaa."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa ni desturi yetu sisi Abagusii, mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mke kwa niaba ya mwana ambaye hayuko, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Wazee walikubali. Walimpa kaka yangu hata jina, la babu yake. Baba mdogo aliondoka bila kuaga.

Wakati huo mama alikuwa katika darasa la ubatizo pale misheni. Mwalimu wa darasa alipopata habari alimwambia ndoa ya namna hiyo haiwezi kuletwa mbele ya Mungu, akafuta jina lake. Tangu hapo, kila Jumamosi, siku ya ibada pale misheni, majirani walipopita kwenda kanisani wamevaa nguo safi, mama alijifanya ana kazi nyuma ya nyumba. Mimi alinituma niende. Sikumwona akilia, ila aliacha kuimba, yeye ambaye hakuweza kusaga wimbi bila wimbo.

Wifi yangu aliletwa mwanzoni mwa mvua. Alikuwa mrefu, mwenye pengo dogo kati ya meno ya mbele, na mikono yenye nguvu. Alipewa nyumba ya pili, nami nikaambiwa niwe nalala naye asiogope. Siku ya tatu au ya nne tulikwenda pamoja kisimani. Vita vya Wazungu vilikuwa vimechukua vijana wengi, na wanawake wengi wa pale waliishi bila waume. Tulipofika kwenye maji alitua mtungi wake.

"Kaka yako yuko jeshini?" aliniuliza.

"Hapana."

"Yuko kwenye chai, Kericho?"

Nilimwambia hayuko.

"Amekufa?"

"Hakufa. Hakuzaliwa."

Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nilidhani anajua. Baadaye aliniambia kwamba baba yake alimwambia tu, "Unakwenda kwenye nyumba ya fulani," akataja jina la kaka yangu, naye hakuuliza zaidi kwa sababu binti hakuuliza. Alijaza mtungi wake, akajitwisha, akatangulia. Njia nzima nyuma yake nilihisi nimemfanyia ubaya ambao sikujua namna ya kuuombea msamaha.

Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alipalilia, alikata kuni, alichuma chinsaga, ile mboga chungu ambayo mama aliipenda, akaichemsha kwa maziwa taratibu mpaka uchungu ukaisha. Mama alimheshimu, lakini hawakuzungumza sana. Nadhani kila mmoja alipomtazama mwenzake aliona kitu alichokikosa. Mama alimchagulia mwanamume wa ukoo wetu, mtu mzima mwenye wake zake, ili watoto wapatikane. Siku alizokuja mimi nilirudi kulala kwa mama. Alikula, hakuongea na mtu, akaondoka. Wifi hakuwahi kumtaja kwangu.

Mimi nilikuwa nasoma shule ya misheni, na kwa kuwa nilijua kusoma, wake za askari waliniletea barua zao. Walikaa kwenye kivuli cha ghala letu, mmoja baada ya mwingine, nikasoma habari za mvua za Burma, za miguu kuvimba, na maswali kuhusu ndama. Wifi alikuwa akisikiliza huku anapepeta wimbi. Siku moja, wote walipokwisha kwenda, alikuja akaketi mbele yangu.

"Nisomee na mimi," alisema.

"Wewe huna barua."

"Soma tu."

Nilichukua daftari langu la hesabu, nikalifungua. Nikasoma kwamba kaka hajambo, kwamba huko aliko kuna baridi, kwamba anauliza kama wimbi limekomaa na kama mkewe ana afya. Nilisema anamsalimu sana. Kisha nikalifunga daftari.

"Ameandika vizuri," alisema wifi. Akainuka, akarudi kwenye ungo wake. Hakuniomba tena.

Alizaa msichana. Mama alimpokea mtoto, akamfunga vizuri, akampa mama yake, kisha akachukua jembe akaenda kulima ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Baada ya miaka miwili wifi alizaa tena, msichana tena. Jioni ile ng'ombe wa baba mdogo walikuwa kwenye mahindi yetu, na safari hii mama hakutoka kuwafukuza.

Nilikuwa darasa la nne, na mwalimu alikuwa ameniambia ningeweza kuendelea, pengine nifundishwe uuguzi. Mama aliniita jikoni.

"Kuna watu wa Nyacheki wanakuulizia," alisema. "Dada yako alifanya sehemu yake. Ng'ombe wako watamletea kaka yako mke mwingine."

"Na shule?"

Mama alisogeza kuni kwenye moto. "Unafikiri mimi napenda? Nikifa leo, wewe utarudi kumsalimia nani hapa?"

Sikuweza kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningeweza. Nilikwenda kwa wifi nikamweleza yote. Alikuwa ananyonyesha yule mdogo.

"Usikubali," aliniambia. "Atakuja msichana mwingine, akae kama ninavyokaa mimi."

"Nikikataa, mama atafukuzwa."

"Najua," alisema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kanisani. Niliporudi, mtoto mkubwa wa wifi alikuwa peke yake mlangoni, anakula ndizi. Wifi alikuwa ameondoka na yule mdogo mgongoni. Tulisikia baadaye kwamba alionekana njia ya Sotik, na watu wengine wakasema yuko kwenye mashamba ya chai na mwanamume wa huko. Mama hakumtuma mtu amtafute. Nyumba ya pili nililala mimi na yule mtoto, na miezi ile kabla ya kuolewa ndiyo mirefu kuliko yote niliyowahi kuishi. Nilizoea kusikia pumzi ya mtu mzima upande wa pili wa chumba. Sasa nilisikiliza, nikasikia mvua tu.

Niliolewa Nyacheki. Ng'ombe walikwenda kwa mama, na kwa ng'ombe hao aliletwa mke wa pili wa kaka yangu. Huyo alizaa mvulana mwaka wa kwanza. Ng'ombe wa baba mdogo hawakuvuka ua tena. Kwa hiyo mama alikuwa amehesabu sawasawa, na ukiniuliza kama alikosea, mpaka leo sijui la kusema.

Mama alipokufa, yule mvulana alikuwa na miaka kama mitano. Walimshika mkono, wakampa udongo autupe wa kwanza kaburini. Mimi na dada tulisimama nyuma na wanawake wengine. Wazee walipoketi kuzungumza habari za shamba, hakuna aliyetugeukia. Binti wa wifi, yule aliyeachwa, alikuwa anaosha masufuria. Hakuna aliyetaja habari zake. Niliondoka naye.

Tulipofika Nyacheki, mume wangu alimtazama, akaniuliza, "Huyu atakaa mpaka lini?"

"Mpaka amalize shule," nilisema.

Mume wangu alitoka kwenda zizini, nami nikalihesabu hilo kuwa ni ndiyo. Binti huyo alisoma mpaka akawa mwalimu wa watoto wadogo. Wajukuu wangu huniuliza kama mambo ya zamani yalikwisha, na huwaambia kwamba mila ile ya kumwolea mwana asiyekuwepo sasa huisikii sana. Lakini yule binti alipoolewa, mwalimu mwenye mshahara wake, ng'ombe wa mahari yake walipelekwa juu ya Birongo, kwa yule ndugu yake wa kiume, kama wa dada na wangu walivyopelekwa zamani. Watu wa ukoo walikuja kunichukua twende sherehe. Niliwaambia naumwa mguu, nikabaki jikoni, nikachambua mboga za watu wengi ingawa nyumbani nilikuwa peke yangu.