Shingo ya Mke Wangu na Sukari ya Mgongoni

Nilidhani mke wangu amenuna. Hilo ndilo kosa langu, na mtaa wetu mzima wa Utange unalijua, kwa hiyo sina la kuficha. Kichwa kilikuwa kimemuuma kwa majuma, tukikibembeleza kwa dawa za dukani, halafu akaacha kunitazama. Nikimwita, anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Mimi, mtu nisiyetoka nyumbani hata kwa harusi, nikatoka kwenda kumnunulia leso ya kumwomba radhi. Kosa lenyewe silijui.

Bibi jirani alipokuja kumjulia hali, alimgusa tu shingo, akaikuta imekakamaa. "Huyu hajanuna, mwanangu. Huyu mgonjwa! Tafuta tuktuk."

Hospitalini daktari alitaka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Nikakataa. Kwetu kila mtu ana habari za mtu aliyedungwa mgongoni akapooza.

"Wewe umemwona huyo aliyepooza?" akauliza.

Sikuwa nimemwona. Mara mke wangu akaanza kuniita kwa jina la marehemu babake. Nikakubali mbio.

Maji yalitoka maangavu, kama ya chupa za dukani. "Alhamdulillahi," nikasema, "hana kitu!" Daktari akayatuma yakapimwe. Majibu ya maabara yakaja: protini imepanda, chembe za kinga zimejaa, sukari imeshuka.

"Sukari haiwezi kushuka," nikabisha. "Chai yake naitia vijiko vinne mwenyewe."

"Hii ni sukari ya mgongoni, mzee, si ya kikombeni." Akanieleza kwamba TB ikiingia kwenye utando wa ubongo, vidudu vyake katika maji yale huwa vichache, hadubini huvikosa. Ndiyo maana wanazisoma alama zile kwa pamoja. Kipimo cha kuvisaka vidudu vyenyewe kilikuwa bado. "Tukingoja mpaka tuvione, tutakuja kumzika. Dawa anaanza leo."

Akaanza. Nikawa nakaa kando ya kitanda, nimeutegea sikio kila mvuto wa pumzi yake. Asubuhi moja, bibi jirani ameleta uji, mke wangu akageuza shingo. Shingo peke yake, polepole. Akanikagua juu hadi chini.

"Shati hilo ndilo umetoka nalo mbele za watu?"

Nililia kama mtoto, wallahi. Bibi jirani akaiweka chupa ya uji chini, akanitazama.

"Mwenzio akili zimemrudia. Sasa wewe nawe katafute zako."