Moshi ya Gari ya Papa Bienvenu

Hilaire, mwana wa Ngungu, alikuwa mekanisie mwenye mikono ya pole. Miaka makumi mbili alitengeneza pompi za mazutu, ile dizeli, kule Mpofi, mpaka watu wakamuita Papa Pompi. Kama walimuletea gari yenye kukohoa, hakukimbilia ufunguo. Alifunga macho kwanza, akasikiliza, sawa vile mama anasikiliza kifua cha mutoto. Kisha alifanya alama ya musalaba, njo alianza kazi.

Mwaka huu Papa Bienvenu, mwenye kuuza maharagi na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, alimuletea jipe yake ya zamani ya kubeba muzigo. Ilikuwa ingali nzima, lakini milima ya Masisi iliichokesha. Juu ya muzigo alileta turbo moja aliyoinunua kwa gari yenye ilikufa.

"Papa Pompi, unifungie hii. Nataka gari ipande sawa ndege."

Kufunga turbo hakuogopeshi. Kazi iko mu chakula ya motere, ni kusema mazutu. Turbo inasukuma upepo mu motere, sawa mutu mwenye kupepea mbabula, jiko ya makala: upepo ukizidi, makala nayo inapaswa kuongezeka. Ukipepea tu bila kuongeza makala, haujapata kitu. Ukijaza makala kupita upepo, nyumba inajaa moshi, na mu motere ile moshi inakuja na joto, mpaka pistoni zinayayuka. Gari zenye zilizaliwa na turbo, pompi yao iko na kifuniko kidogo chenye kinasikia upepo na kuongeza mazutu kwa kipimo. Ya Papa Bienvenu haikuwa nacho. Hilaire alibaki na visi moja, ile skrubu ya kupima mazutu, na masikio yake, na Mungu. Akafungua ile visi robo ya zunguko, akaacha pale. Gari ikapata nguvu, moshi kidogo tu wakati wa kuondoka.

Sasa, kwetu mekanisie mwenye amegusa motere anasafiri na ile gari mpaka mwenyewe aseme ameridhika. Na juu asitoroke, Papa Bienvenu aliweka karte ya kuchagua ya Hilaire, kitambulisho chake, mu mufuko wa shati yake. Bila karte mutu hapiti bariere ya waaskari, na toka Mpofi mpaka Ngungu bariere hazihesabiki. Wiki tatu Hilaire alikaa katikati ya kabini, magoti yamebanwa na fimbo ya kubadilisha vitesi. Walienda Sake na kurudi, Sake na kurudi. Alilala chini ya gari. Alikula kwa sahani moja na shofere, Symphorien.

"Kaka, umeoa hii gari," Symphorien alimucheka. "Hata muke yako hajakuona siku mingi hivi!"

Yote hiyo angeivumilia. Lakini siku ya posho, Jumamosi ile, binti yake wa kwanza, Uwingabire, alikuwa anaolewa kule Ngungu. Baba njo anakaa kwa kiti cha kupokea wakwe. Akikosekana, ndugu yake mukubwa anakaa pale, na ile siku hairudi.

Siku ya ine, Alhamisi asubui, alimufuata mwenye gari.

"Papa Bienvenu, gari inapanda. Unipe karte yangu, niende kuozesha mutoto."

"Inapanda nini? Moshi iko wapi?" Papa Bienvenu alicheka, tumbo likacheka naye. "Gari ya Nzabandora, yule mwenye kuuza maharagi sawa mimi, ikipita, Masisi muzima inajua. Yangu inapita sawa mwizi wa kuku!"

"Ile moshi ni mazutu yenye haikuungua muzuri, Papa. Ni motere inalia."

"Iache ilie. Unipe moshi leo, nikupe karte leo."

Hilaire alienda nyuma ya gari, akaomba. Hakusikia jibu. Akarudi, akafungua kapo, kifuniko cha motere, akafungua visi zunguko nzima.

Symphorien alipokanyaga, wingu nyeusi lilifunika uwanja, kuku zikakimbia, watu wakapiga makofi. Papa Bienvenu alimurudishia karte kwa mikono mbili.

"Sasa umekuwa fundi!"

Kwa hiyo alikuwa huru. Lakini siku ile hakukuwa gari ingine ya kuelekea Masisi. Ilibidi apande ile ile, pale pale katikati ya Symphorien na Papa Bienvenu. Juu ya muzigo walipanda watu kumi na mbili, na Mama Solange na kitoto chake mugongoni.

Alijiambia: ifike Sake tu, pale nitapata gari ya Ngungu; motere itavumilia mpaka Sake. Lakini kisha kupita Nyabiondo mulima ulianza, na alisikia sauti ya motere ikibadilika, ikikauka. Harufu ya chuma cha moto iliingia mu kabini. Alijua motere ikifia pale, breki za ile gari nazo zinakosa nguvu, na nyuma yao kulikuwa korongo.

"Simama, kaka," alisema.

"Hapa kwa mulima?"

"Simama! Uwaambie wa juu waweke jiwe nyuma ya pine za gari. Usizime, iache ipumue polepole."

Alifungua kapo. Bomba lenye kupeleka moshi kwa turbo lilikuwa jekundu sawa makala. Papa Bienvenu aliangalia.

"Itapoa. Twende."

"Haitapoa, Papa. Narudisha visi."

"Ukirudisha, tumerudi ku mwanzo. Karte inarudi mu mufuko yangu, unajua."

"Najua."

Hilaire alitoa karte mu mufuko, akamunyooshea. Papa Bienvenu aliipokea, akairudisha mu mufuko wa shati.

"Papa Pompi, tunalala hapa?" Mama Solange aliita kutoka juu.

"Hapana, mama. Utalala kwako."

Motere ilipotulia, alifunga kitambaa ku mukono, akarudisha visi mpaka alama ya robo. Gari ilipanda polepole, bila moshi. Pale juu, kwenye rezo ya simu inashikaka, alimupigia Uwingabire, mabega yake yakiwa yamebanwa na ya watu wawili.

"Papa, mumefika Sake?"

"Bado. Umwambie baba yako mukubwa akae kwa kiti."

"Papa! Nitaambia wakwe nini?"

"Uwaambie baba yako iko ku kazi."

Papa Bienvenu aliangalia inje ya dirisha. Uwingabire alilia kidogo, kisha akauliza kama amekula. Hilaire alisema ndiyo, ingawa tangu asubui hakuweka kitu mu kinywa.