Nazi Zangu Kumi

Jumamosi nilipanga foleni mbele ya ofisi ya kijiji, Utende, na gunia la nazi begani. Watoto wetu wanateleza na vibao vya magurudumu barabarani, katikati ya bodaboda, basi tulikubaliana kila nyumba itoe nazi kumi, ziuzwe, tununue saruji ya kuwajengea uwanja wao.

Mpokeaji alikuwa mama mmoja mkulima wa mwani. Kila nazi aliitikisa sikioni kabla ya kuiweka kwenye lundo. Nikalikaza gunia langu begani, maana zangu nilizichagua asubuhi kwa mtikiso huohuo. Zenye maji nilibakiza nyumbani, nikaleta zilizokauka ndani, zisizokunika wala kukamulika tui.

"Shikamoo, baba," akaniamkia zamu yangu ilipofika.

"Marahaba."

Akatikisa ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Akaniinulia macho mara moja tu, kisha akazimimina zote nyuma yake, mbali na lundo, akazifunika kwa gunia langu mwenyewe.

"Hizi tutawashia moto wa kuwapikia mafundi," akasema, kwa sauti ya kusikika na mimi peke yangu.

Halafu akapaza sauti: "Nyumba ya huyu baba, kumi kamili."

Foleni nzima ikaitikia, "Mola amzidishie."

Safu yangu hii ya gazetini imezoea kuwasema wachoyo. Wiki hii ina ombi moja tu kwa Mola: asinizidishie nilichotoa.