Njia ya Tatu

Kwenye vilima vya Kondoa, mtu akitaka kujua jambo lolote la msituni aliambiwa amwulize Uwesu. Alikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyesimamia kufungwa kwa njia tatu zilizokuwa zikipitiwa na magari ya porini, baada ya magurudumu kuchimbua udongo na mvua kuugeuza makorongo. Alipanda mkonge katikati ya njia hizo kwa mikono yake mwenyewe, na kwa miaka saba hakuna gari lililopita.

Kisha chama cha waendesha magari ya porini kutoka Dodoma mjini kikaomba njia zifunguliwe tena. Vijana wa kijiji wangepata kazi ya kuongoza wageni, na kina mama wangeuza chakula. Kijiji kizima kilifurahi. Ofisi ya misitu ya huko Dodoma ikamtuma afisa wake, binti wa Kigogo aitwaye Loisi, aje akague kama ardhi imepona.

Njia ya kwanza waliitembea asubuhi, ya pili mchana. Zote zilikuwa zimejaa nyasi na miti michanga. Ikabaki ya tatu, ile ya mteremkoni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Goti la Uwesu lilikuwa linawaka moto. Hakuna aliyejua habari za goti hilo, hata mkewe alidhani ni uchovu tu. Tangu lianze kumsumbua, miaka miwili sasa, Uwesu hakuwahi kufika njia ya tatu, ingawa kila mwezi aliandika kwenye daftari la doria kwamba amefika na hali ni shwari.

"Na ile ya tatu ikoje, mzee?" Loisi aliuliza.

Kusema hajui kungekuwa kusema yote.

"Imepona," alijibu. "Tena imepona kuliko hizi mbili."

Loisi alitazama jua, akatazama gari lililokuwa likimsubiri barabarani. "Wewe msitu huu unaujua kama kiganja chako. Basi nitaandika hivyo."

Njia zikafunguliwa mwezi wa sita. Kiangazi chote magari yalikuja, vijana wakaongoza wageni, sufuria za kina mama zikarudi nyumbani tupu. Mvua za kwanza ziliponyesha, msafara wa magari manane ukashuka njia ya tatu. Siku tatu baadaye ikanyesha mvua kubwa. Maji yalifuata alama za magurudumu hadi kwenye korongo la zamani, ambalo kumbe halikuwahi kupona, yakalipasua upya na kusomba mchanga hadi bondeni. Chemchemi waliyoitegemea Bi Tabu na wanawake wenzake wa kijiji ikafukiwa. Wanawake wakaanza kufuata maji kijiji cha pili.

Loisi aliitwa kwenye mkutano wa kijiji. Alisimama mbele na faili lake, watu wakamfokea.

"Binti wa ofisini huyu! Hata mtama na uwele hawezi kutofautisha!"

Mwenyekiti Hassani aliwatuliza, kisha akamgeukia. "Mzee wetu Uwesu alizifunga njia hizi kwa jasho lake. Ungemsikiliza yeye, tusingefika hapa."

Watu wote wakageuka kumtazama Uwesu kwa huruma. Loisi naye alimtazama, mara moja tu, kisha akainamisha macho kwenye faili. Uwesu alingoja amtaje. Hakumtaja. Naye, badala ya kufungua mdomo, aliweka kofia yake sawa, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepokea pole.

Ni kule kutikisa kichwa kulikomtesa. Mkewe, Amina, alipomwandalia ugali na kumwambia, "Pole, baba, walipaswa kukusikiliza wewe," alilirudisha tonge sahanini. Akanawa mikono, akatoka nje.

Keshokutwa yake alipanda basi hadi Dodoma. Alimkuta Loisi ofisini, akipanga vitabu vyake ndani ya boksi. Alikuwa ameondolewa kwenye kazi ya misitu ya Kondoa na kuhamishiwa kwingine.

"Shikamoo, mzee."

Uwesu alishindwa kuipokea shikamoo ile. "Mwanangu, kwa nini hukunitaja?"

"Ripoti ina saini yangu. Niliandika kwamba nimeitembea njia ile, nami sikuitembea. Nilikuwa nimechoka." Aliweka kitabu kingine ndani ya boksi. "Lakini nilingoja useme. Nilingoja hadi mkutano ukafungwa."

"Nimekuja kusema."

"Kwangu? Mimi ninajua tayari, mzee."

Uwesu alirudi Kondoa kwa basi la jioni. Kesho yake alimwomba Hassani aitishe mkutano tena. Mbele ya watu wote aliweka daftari la doria mezani.

"Kurasa za miaka hii miwili na zaidi ni uongo," alisema. "Goti lilinishinda, nikaona aibu kulisema. Yule binti aliniuliza, nikamdanganya."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Hassani aliuliza kwa sauti ya chini, "Hata siku ile tulipokuwa tunamfokea, ulijua?"

"Nilijua."

Njia ya tatu ilifungwa. Mbili za kwanza zikaachwa wazi, kwa kiangazi tu. Kijiji kiliandika barua ya kumwombea Loisi. Kondoa hakurudishwa, ila kazi hakuipoteza. Ulinzi wa msitu alipewa Salma, mmoja wa vijana waliokuwa wakiongoza wageni, na Uwesu alimtembeza njia zote, ya tatu pia, akipumzika kila baada ya hatua chache bila kumficha lolote.

Kila Jumamosi alishuka bondeni na jembe kuzibua chemchemi pamoja na wanawake. Wengine walimwitikia salamu. Bi Tabu hakumwitikia, Jumamosi ya kwanza wala ya pili. Ya tatu, bila kumtazama, alinyoosha mkono kuelekea kwenye mwamba.

"Chimba upande ule. Hapo ulipo hakuna maji."

Uwesu akahamia upande ule, akachimba.