Uchumi wa Msiba

Kiswidi ni lugha yenye adabu zake, sikatai. Utashukuriwa kwa chakula, na utashukuriwa kwa mara ya mwisho mlipoonana hata kama ilikuwa mwezi uliopita. Lakini "pole na kazi" hakina. Mtu yuko kwenye ngazi na ndoo yake, anasugua jengo zima, wewe unampita, unamtupia neno moja fupi, basi yamekwisha. Mume wangu hilo lilimshinda tangu tulipofika Stockholm. Alisema pole na kazi kwa Kiswahili, tena kwa sauti, kwa dereva wa basi la Spånga, kwa anayekwangua theluji, kwa msichana wa dukani kule Sundbyberg karibu na ofisi yake, nao wakamjibu kwa tabasamu bila kujua wameambiwa nini. Kwetu Dar es Salaam mtu angejibu "nimeshapoa", hata kama jasho bado linamtiririka. Hapa ilibidi ajijibu mwenyewe, na ikawa moja ya vichekesho vya nyumbani kwetu.

Mimi pia nilipewa pole yangu kila niliporudi kutoka kazini. Nikifungua mlango tu, kabla sijavua buti, namsikia: "Pole na kazi, bibie." Lakini siku nilizoshinda nyumbani binti yetu akiwa na homa, nimemkanda, nimefua mashuka yaliyotapikiwa, nimepika uji ambao haukunywewa, pole hiyo haikuja. Siku hizo aliuliza, "Mmeshindaje?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanauchumi tu, wa shule ile ya zamani, na masikio yake yalifundishwa kusikia kazi pale tu palipo na mshahara.

Yeye ndiye aliyeletwa huku na masomo. Mimi nilikuja kama mke. Baadaye nikasomea anthropolojia, na uchumi nikauingilia kwa mlango wa uani, kupitia majiko ya watu, vitanda vya wagonjwa na akina mama wanaobadilishana zamu za kubeba watoto. Nilikuta kuna wenzangu wengi wamepita mlango huohuo: wauguzi, wanahistoria, watu wa mazingira, hata wanauchumi waliochoka na hesabu zao. Wote wanauliza swali moja kwa namna mbalimbali, kwamba huyu mfanyakazi anayeonekana asubuhi kwenye modeli za wanauchumi, ameshiba na amevaa shati safi, usiku alilala wapi na nani alimpikia.

Nilipomletea mume wangu maneno hayo mezani, aliyapokea kama mtu aliyewekewa mboga asiyoipenda: anakula kwa heshima. Nikamwambia, chukua mimi na jirani. Nikienda kumwogesha mama yake kwa malipo, naye akaja kumwogesha mama yangu kwa malipo, pato la taifa linapanda. Kila mmoja akibaki kwake amwogeshe wake, hakuna kilichofanyika nchini. Wazee ni walewale, maji ni yaleyale. Akacheka, akakubali kwamba hapo pana kasoro ya kipimo. Lakini jambo lenyewe hakulikubali kamwe.

"Hiyo si kazi, bibie," alisema. "Hayo ni mapenzi. Ukiyaita kazi utayaharibu."

Tulibishana hivyo miaka na miaka, na nakiri kwamba nilikuwa nakasirika kweli. Sikudai malipo. Nilitaka tu siku moja aniangalie nimesimama pale jikoni, nimechoka, na aone kazi. Nilitaka hiyo pole. Ukiwaza ni kitu kidogo mno cha kumtaka mtu, na labda ndiyo maana kilinikaa kooni.

Wakati huo nilikuwa naongoza duara la masomo kwenye maktaba ya Tensta. Hii ni desturi ya Waswidi ambayo naipenda: watu wa kawaida wanakutana kila wiki na kitabu na thermosi ya kahawa, wanasoma pamoja, hakuna mtihani. Sisi tulisoma uchumi huo wangu wa mlango wa uani, kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee iliyotukutanisha. Alikuwepo nesi Mkenya aliyetoka Norsborg, upande wa pili kabisa wa mji. Alikuwepo dereva wa basi, Mkongomani, ambaye kwao alisomea sosholojia. Alikuwepo mama wa Kirundi mwenye kijibustani chake nje ya mtaa, ambaye kila mada aliirudisha kwenye udongo: nani anaupumzisha, na mbona mapumziko yake hayamo kitabuni. Wengine walikuja na kwenda.

Tulikwama kwenye neno moja. Waswidi kazi yote ya kulea, kuuguza na kutazama wazee wanaiita omsorg, na sisi tulitaka neno letu. Nesi akasema kwao ni kuchunga, nichungie mtoto. Nikamwambia kwetu wanaochungwa ni mbuzi. Nikatoa kutunza, akanikumbusha kwamba harusini tunamtunza mwimbaji kwa kumbandika noti usoni, sasa huo ndio uchumi gani. Tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Dereva ndiye aliyetumaliza.

"Mama, angalieni," alisema, akilikata neno vipande viwili kwa kiganja juu ya meza. "Om ni juu ya. Sorg ni ile huzuni ya mutu kufiwa. Basi ni uchumi ya musiba."

Kisarufi alikosea, na alijua kwamba amekosea. Lakini tulicheka hadi mkutubi akachungulia, na jina likatushika. Kuanzia hapo kwenye kundi letu la simu watu waliandika, leo msiba saa ngapi, nani analeta vitafunwa vya msiba. Nilipomsimulia mume wangu alifurahi sana. Akasema hatimaye nimepata jina la kweli la sayansi yangu.

Halafu akaanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa majina ya wenzake wa ofisini, tukayacheka. Kisha akapotea kwenye kituo cha treni alichokitumia kila siku. Daktari alitueleza taratibu, na mume wangu akamuuliza maswali mazuri, ya kisomi, ambayo kesho yake hakukumbuka kuwa aliyauliza. Kiswidi ndicho kilichotangulia kuondoka. Kikafuata Kiingereza, na vitabu vyote alivyovisoma kwa Kiingereza vikaondoka nacho. Kikabaki Kiswahili cha utotoni, laini na chenye adabu. Binti yetu, ambaye maisha yake yote alimjibu baba yake kwa Kiswidi, alianza kujifunza kuomba radhi na kuuliza hali kwa Kiswahili akiwa mtu mzima, na matamshi yake yalikuwa yananiliza.

Nikaacha kazi ya mshahara nikabaki naye. Nilimvalisha, nilimlisha, nilimtoa bafuni alipojifungia na kusahau mlango unafunguliwaje. Dada mmoja wa manispaa alikuja kutupima hali, mpole sana, akauliza mzee anapata msaada wowote nyumbani. Nikasema, mimi nipo. Akatabasamu, akanieleza kwamba anaulizia msaada, yaani watu wa kuja. Nikasema hakuna. Basi, akasema, hapati msaada. Zamani ningemkimbilia mume wangu na kisa kile, nikakiweka mezani nikamwambia haya, jibu hilo. Sasa mbishi wangu alikuwa dirishani anahesabu magari, na hakuna kilichoniuma kuliko kujua kwamba ubishi wetu umekwisha bila mshindi. Niliwahi kumuuliza waziwazi, siku aliyoonekana kuwa na nafuu, je, hii ninayofanya ni kazi? Akanitazama kwa wema, akaniuliza kama nimemwona mama yake.

Kwa kuwa sikuweza kumwacha, niliomba duara lije kwangu. Nikaandika kwenye kundi letu, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika kijiko chake: "Jumamosi msiba ni nyumbani kwangu, saa nane." Wenzangu walielewa. Lakini mmoja wao aliupeleka ujumbe kwenye lile kundi kubwa la Waswahili wa Stockholm, ili wenye kupenda kusoma waje. Kule hakuna aliyejua utani wetu. Walichojua ni kwamba mume wangu anaumwa.

Jumamosi kengele ikalia kabla ya saa nane. Nikafungua, nikakuta kina mama wa Kikongo ambao nawajua kwa sura tu, wamejifunga vitenge viunoni, na sufuria mbili za wali. Nyuma yao Wakenya wa kanisani. Nyuma yao vijana waliozaliwa hapahapa, wamevaa nguo nyeusi kwa mtindo wa Kiswidi. Mama wa mbele akanikumbatia, akalia begani kwangu. "Pole sana mama, tumesikia habari mubaya," alisema, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani kuna mtu wake amefariki, nikaanza kumpa pole yeye.

Viatu vilijaa mlangoni hadi ngazini. Wanaume walikwenda kusimama kwenye baraza ya nje na baridi yote ile, kwa sababu kwenye msiba wanaume hukaa nje. Simu ikalia, ni binti yangu, analia, anauliza kwa Kiswidi kwa nini ameambiwa na watu baki kwamba baba amekufa. Ndipo nilipoelewa. Nikamwambia baba yako yuko hapa, anakula andazi. Na kweli alikuwa anakula. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake katikati ya waombolezaji, amenyooka, na chumba kizima kinamwangalia.

Dereva wa basi alijaribu kuwaeleza watu, lakini utawaelezaje? Uchumi, omsorg, utani wa maktabani. Waliomsikia hawakujua wacheke au waondoke. Kabla hawajaamua, mume wangu akasimama. Aliona watu wengi, aliona vitenge, machozi na masufuria, na mwili wake ukajua pale ni wapi. Alikuwa amesahau kufunga vifungo, lakini hakusahau mtu anafanyaje msibani. Akapita kwa kila mmoja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Poleni sana. Poleni. Ni mipango ya Mungu." Nao wakapokea, mmoja baada ya mwingine. Mama wa Kirundi alipofikiwa aliinamisha kichwa akasema, "Asante, mzee," na hapo hata mimi nikashindwa kujizuia.

Hakuna aliyeondoka. Walikula, waliimba kwa sauti ya chini, wakamsimulia habari za kwao, naye akawauliza kama mvua zimenyesha. Kwa miezi mingi hakuwa amesikia Kiswahili kingi namna ile. Alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata, na watu walikuja tena, wengi kuliko mara ile, lakini siku hiyo imenipita kama ukungu na sikumbuki nani alisema nini. Msiba ninaoukumbuka ni ule ambao yeye alikuwepo.

Jumamosi ile, walipoaga ilikuwa jioni. Binti yangu, aliyekuja mbio baada ya ile simu, alikuwa anawasindikiza kituoni, na mimi nilibaki jikoni na masufuria yaliyogandia wali. Nilisikia nyayo za mume wangu nyuma yangu. Alikuwa amevaa koti lake, tayari kurudi kwao, kama mgeni ambaye hawezi kuondoka msibani bila kumuaga mfiwa.

"Marehemu alikuwa nani wako, mama?" aliuliza.

Alizoea kuniita bibie. Nikazima bomba.

"Mume wangu," nilisema.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akauliza kama aliumwa sana, nikasema aliumwa. Akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mbishi sana, na akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani ambacho nilidhani kimeshaondoka na vitabu vyake.

"Na nani alikuwa anamuuguza?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akaiangalia mikono yangu yenye povu, akayaangalia masufuria, akaniangalia mimi, muda mrefu, kwa macho ya mtu anayemwona mwenzake kwa mara ya kwanza. Kisha akaushika mkono wangu ulivyo, umelowa.

"Pole na kazi, mama," alisema.

Ilinibidi nijibu, maana jibu lilikuwa linasubiriwa. Nikamwambia nimeshapoa, nikamvua koti, nikamrudisha kwenye kiti chake.