Maji Yaliyokimbilia Nje

Dada yangu hawezi kutulia garini. Wenzake husinzia, yeye hupakata mkoba na kutazama unaegemea upande gani. Kazi yake ni kusanifu barabara kwa kompyuta, na shemeji humtania kwamba hakuoa mke, alioa pimamaji ya fundi.

Wiki ile alipewa barabara ya zamani inayotaka lami mpya. Kabla ya kuchora lolote, programu husoma vipimo vya wapima ardhi na kukadiria barabara iliyopo imelala vipi. Kwenye kona, ukingo wa nje sharti uwe juu kuliko wa ndani, la sivyo gari hutupwa nje. Programu ikajibu kwamba kona ya kiwanda cha matofali imeinuka vizuri, lami mpya ifuate mwinamo uleule. Dada akakubali. Michoro ilikuwa ikabidhiwe kesho yake.

Jioni hakula. Alizungusha kijiko sahanini mpaka shemeji akauliza kulikoni. Akasema kila akipita kona ile kwa basi, mkoba humteleza kuelekea nje.

“Kompyuta imesema sawa, mama. Unabishana nayo?”

“Kompyuta haijawahi kukaa kiti cha dirishani.”

Kulipokucha alinivuta twende wote kwenye kona ile, kwa kuwa mimi, alivyosema, si msemaji, sitabishana naye. Nilibeba dumu la maji na kitambaa chekundu cha kuonya magari. Barabara ilipokuwa tupu, bila gari, akamimina maji katikati ya lami. Yalisitasita kidogo, kisha yakakimbilia nje, yakagota kwenye tuta la udongo na majani lililorundikwa ukingoni na mvua za miaka. Dada akalifukua kwa kisigino. Chini yake lami ilikuwa imezama.

“Wapima walisimamisha fimbo ya kupimia juu ya udongo huu,” alisema. “Programu ikaona tuta, ikadhani ni barabara.”

Akampigia mkuu wake palepale, huku akienda na kurudi kando ya mtaro kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkuu alinung'unika: michoro ni ya leo, tofauti ni ndogo, na mteja ataambiwa nini?

“Tukiifuata ilivyo, mkuu, tutakuwa tumeyachongea magari njia ya kwenda mtaroni. Na jina kwenye mchoro ni langu.”

Hatimaye mkuu akasema wapima warudi kona ile, ila aliyeikubali jana ndiye atakayemweleza mteja. Dada akaitika bila kujitetea.

Nilidhani sasa atashusha pumzi. Alitia simu mkobani, akafunga zipu, akaifungua tena. Macho yake yalikuwa yameshateremka na barabara hadi kona inayofuata, ambako majani nayo yalikuwa yamepanda ukingoni.

“Mdogo wangu,” aliniuliza, “dumu limebaki na maji?”